Nusu Inchi

Mimi ndiye ninayepima.
Miaka kumi na tisa hapa Majengo, mlango wa pili kutoka kwa muuza ndoo,
futikamba begani, chaki sikioni.
Shingo ya mtu naizungushia, naweka kidole kimoja ndani, pumzi ipite:
kumi na tano na nusu, mchungaji;
kumi na saba, dereva wa lori la Manyoni;
kumi na mbili, mtoto wa kipaimara asiyetulia.

Leo nimelazwa chali, napimwa mimi.
Jeli kooni, baridi, nyororo kama mlenda uliolala.
Kijana wa mashine anapita kulia, anasimama, anaandika.
Anapita kushoto. Anarudi kulia.
Anapita kushoto tena, polepole,
kama mtu anayepapasa mfuko akijua hela ilikuwemo.
Anazima feni.
"Mama, umewahi kupasuliwa shingo?"
Sijawahi.
"Una uhakika?"
Baba, shingo ni yangu.
Mshono ningeujua.

Akaitwa Daktari Ndahani.
Wakainamia kioo chenye ukungu wawili hao
wakitafuta mbuzi mweusi usiku.
Kulia: tezi, limenona, limejaa,
hilohilo lililonileta,
hilohilo la kukatwa Alhamisi.
Kushoto: msuli, mshipa, koromeo,
na mahali.
Mahali tu.

Daktari alichora kipepeo nyuma ya risiti, akafuta bawa moja.
Mimi sikuona kipepeo.
Niliona kola iliyokatwa upande mmoja,
na fundi ameshaondoka, taa kazima.
"Hukuibiwa," alisema, "wala hukuugua. Ulizaliwa hivi. Ni nadra."
Nadra. Kwenye vitambaa neno hilo lina bei.
"Na tungelikata hili," akasema,
hakumaliza,
akachukua kalamu akaifuta Alhamisi.

Mama yuko Chali (kijiji, si mlalo), kule Bahi.
Nilipomweleza alinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha.
Kisha: "Ni ile chumvi."

Chumvi ya mbugani, aliyoikwangua kiangazi mimi nikiwa tumboni,
udongo mweupe, akauchuja, akauchemsha hadi usiku,
chumvi isiyo na madini joto,
ambayo baadaye watu wa afya walikuja kuikataza
kwa gari lenye kipaza sauti.

"Mama, daktari amesema si chumvi."
"Alikuwepo?"
Hakuwepo.
Mimi nilikuwepo, sikumbuki kitu.
"Ulipotoka," akasema, "nilihesabu vidole. Kumi, na kumi.
Masikio nikayashika. Nikakufunika.
Nani huhesabu ndani ya shingo?"
Hapo sikuwa na jibu, na kuku wake walikuwa wanapiga kelele,
akasema ngoja, hakurudi.

Usiku upepo ulikwaruza mabati.
Nilikaa nikiliwaza tezi langu moja:
miaka arobaini na mitatu likivuta mzigo wa wawili,
likiwasha moto wa damu, likinikuza nywele, likinibebea mimba tatu,
halijadai posho, halijatuma mwakilishi.
Nami nikaja na uvimbe wake hospitali
kana kwamba limekosea.
Tazama mkono wangu wa kulia ulivyo mnene kupita wa kushoto.
Huo si ugonjwa.
Huo ni mkasi.

Dawa nimepewa, na tarehe ya kurudi.
Kijana wa mashine aliomba picha yangu akawaonyeshe wenzake,
nikamwambia chukua, ila uwaambie na jina: Mbeleje, fundi.

Asubuhi, kabla ya wateja, nimekata blauzi yangu mwenyewe,
kola ya kusimama, ambayo sijaivaa tangu uvimbe uanze.
Nimejipima mbele ya kioo, kidole kimoja ndani.
Kulia nimeongeza nusu inchi.
Kushoto sikupunguza.